Sura ya Nne: Hesabu ya Siku Mbaya

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu tuhamie huku mlimani ni hili: "Paneli ngapi zitanitosha?" Ameniuliza mwalimu mstaafu mwenye ekari mbili Muheza. Ameniuliza kijana wa Mbagala aliyechoka kuamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Shemeji yangu huniuliza kila tukikutana, iwe harusini au msibani. Wote wana ndoto moja: nyumba ndogo pembeni ya msitu, sola juu ya bati, mboga mlangoni, na hakuna tena kukimbizana na tokeni za luku.

Ndoto hiyo ni nzuri na inatimizika. Sisi tunaiishi Usambara Magharibi, upande wa juu wa Lushoto, pale mashamba yanapoishia na msitu wa hifadhi unapoanza. Nguzo ya umeme iliyo karibu iko bondeni, ng'ambo ya mto, na kuileta hadi kwetu ni gharama tusiyoiweza. Kwa hiyo tunaishi nje ya gridi, yaani nje ya ule mtandao wa nyaya za umeme wa taifa. Taa, maji na sehemu kubwa ya chakula chetu vinatoka hapa hapa tulipo.

Ila hakuna hata mmoja kati ya wanaouliza habari za paneli aliyewahi kuniuliza: "Siku ya tatu ya ukungu mnafanyaje?" Mimi naona hilo ndilo la kuulizwa kwanza. Siku ya jua kali kila mtu anajua kuishi. Paneli ukinunua nyingi au chache, saa saba mchana wa Februari utakuwa na umeme tele. Maisha ya huku hupimwa Julai, ukungu unapolala juu ya mashamba tangu asubuhi hadi jioni, kuni zimelowa, na mchicha umegoma kukua.

## Anza na daftari, si dukani

Mwaka 1954, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, wataalamu watatu walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kufaa kazi. Kilinasa kama asilimia 6 tu ya nguvu ya jua lililokiangukia. Miaka 30 baadaye, mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris alikuwa anafunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na kampuni yake aliipa jina la Solar Shamba. Shule hiyo ingeweza kununua jenereta ya dizeli, ikachagua jua. Leo paneli za kawaida zinanasa zaidi ya asilimia 20, na mafundi wa sola wamejaa kila mji. Kwa hiyo vifaa si tatizo tena. Wengi wanaangushwa na hesabu.

Chukua daftari. Andika kila kitu kitakachotumia umeme nyumbani mwako, nguvu yake kwa wati, na saa utakazokiwasha kwa siku. Wati ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyokula umeme kwa wakati mmoja, kama vile bomba linavyotoa maji kwa kasi fulani. Ukizidisha wati kwa saa unapata wati-saa, yaani jumla ya umeme ulioliwa, kama ndoo zilizojaa. Hii ndiyo hesabu yetu, watu wanne:

- Taa 4 za LED za wati 6, saa 4 kila moja: wati-saa 96
- Kuchaji simu 2: wati-saa 24
- Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30
- Televisheni ndogo ya wati 25, saa 3: wati-saa 75
- Kompyuta mpakato ya wati 45, saa 3: wati-saa 135

Jumla ni wati-saa 360 kwa siku. Ni kidogo mno ukilinganisha na nyumba ya mjini, na bado hatuishi kwa shida. Sasa tazama nini hakimo: pasi, birika, jiko, hita ya maji ya kuoga. Chochote kinachozalisha joto kinakula umeme bila huruma. Kuchemsha lita moja tu ya maji ya chai huchukua karibu wati-saa 110, zaidi ya taa zetu zote nne kwa usiku mzima. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa moja limemaliza matumizi yetu ya siku nne. Hapa ndipo ndoto nyingi hufilisika, maana mtu hununua sola ya taa halafu anachomeka birika.

Friji ni habari ya kati na kati. Ndogo ya sola, iliyofungwa vizuri ubaridi usitoroke, inaweza kula wati-saa 300 hadi 500 kwa siku. Maana yake matumizi yetu yangekaribia mara mbili, au hata kuzidi. Huku juu, ambako usiku wa Julai maji ya mtungini yanauma meno, tuliona haina haja. Ukihamia pembeni ya msitu wa Pugu au Shimba Hills, kwenye joto, huenda ukaona tofauti, na ni sawa. Muhimu uwe umeiandika kwenye daftari kabla ya kwenda dukani.

Baada ya hapo ndipo paneli zinapoingia. Paneli iliyoandikwa wati 100 hutoa wati hizo pale tu jua linapoipiga kwa ukali wa kiwango cha maabara. Asubuhi, jioni na chini ya mawingu hutoa pungufu. Mafundi hujumlisha jua la siku nzima na kulihesabu kama saa chache za jua kamili. Maeneo mengi ya Afrika Mashariki hupata saa 4 hadi 6 za namna hiyo kwa siku. Dodoma na Singida hupata nyingi kuliko milima yenye mawingu. Mimi nilihesabu 3 na nusu, kwa ajili ya miezi mibaya. Kisha nikatoa theluthi moja kwa ajili ya vumbi, joto, nyaya na upotevu wa betri. Paneli mbili za wati 100, jumla wati 200, zikanipa kama wati-saa 450 kwa siku ya wastani ya msimu mbaya. Zimenitosha, na ziada kidogo.

Kwa ufupi: orodhesha matumizi, yajumlishe, toa kila chenye kuleta joto, kisha piga hesabu kwa jua la mwezi mbaya kuliko yote.

## Betri, mahali fedha zinapozama

Paneli huvuna, betri hutunza. Na betri ndiyo inayokufa.

Kosa la kwanza tulilofanya ni kutumia betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuamsha injini, kisha kujazwa tena papo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha, kila siku, sahani za risasi zilizomo ndani huharibika. Yetu haikumaliza mwaka. Betri ya sola ina sahani nene zinazovumilia kunyonywa, lakini nayo ya risasi haitaki kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo kwa maandishi ina wati-saa 1,200 (12 mara 100), wewe ihesabu kama ina 600. Nusu ya pili si yako.

Sisi tulitaka akiba ya siku mbili bila jua: wati-saa 720. Ukizidisha kwa mbili, kwa sababu ya ile nusu isiyoguswa, unapata 1,440, sawa na ampea-saa 120. Tukanunua ya 150. Betri za lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma, huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo na hudumu mizunguko elfu kadhaa ya kujaza na kutumia. Bei yake ni kubwa siku ya kununua, lakini kwa miaka mingi mara nyingi hutoka rahisi. Kama ningeanza leo ningejinyima mambo mengine niinunue hiyo.

Kati ya paneli na betri kuna kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita chaji kontrola. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi wala kunyonywa hadi kufa. Usikubali fundi akuambie kuwa unaweza kuishi bila hicho. Inveta ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, volti 230. Nayo hula umeme hata ikiwa haina kazi, kwa hiyo sisi huizima tukimaliza kompyuta. Taa, redio na simu tumeziunga moja kwa moja kwenye volti 12.

Jifunze kusoma betri yako kama mama anavyosoma joto la mtoto kwa kiganja. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imefika nusu. Ikisoma 11.8, umeiumiza tayari. Kwetu kuna kipima-volti kidogo ukutani karibu na mlango wa jikoni, na hata mtoto wetu wa miaka tisa hukitazama kabla ya kuomba katuni. Betri ya lithiamu haisomeki hivyo, kwa sababu volti zake hubaki karibu palepale hadi mwishoni kabisa. Hiyo huhitaji kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka.

## Kivuli cha Juni

Paneli zetu zilifungwa Januari, juu ya paa, na kwa miezi minne zilifanya kazi vizuri sana. Ilipofika Juni, umeme ukaanza kuisha saa mbili usiku. Fundi aliyezifunga akaja, akapima, akasema betri imechoka, ninunue nyingine. Nikaanza kuchangachanga fedha.

Jioni moja mama mmoja jirani yetu akapita kuazima jembe.

"Hodi hapa!"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmewasha koroboi na lile dude la jua mnalo?"

"Sola imetushinda, mama. Betri imekufa."

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama paa letu, akatazama mkaratusi mkubwa uliosimama nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini.

"Mimi mwezi huu huwa nahamisha mkeka wa maharage," akasema. "Desemba jua linapita huku kusini, kivuli cha mti kinalala kule juu. Juni jua linahamia kule, kivuli kinalala huku. Hiyo betri unaisingizia bure."

Kesho yake ukungu ulipopasuka nilipanda ngazi nikakaa juu ya paa kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Alikuwa amesema kweli. Kivuli cha mkaratusi kilipanda kwenye ukingo wa paneli ya kwanza saa nne, kikatambaa juu ya zote mbili, kikashuka saa nane. Zile ndizo saa zenye jua la maana.

Sayansi yake ni hii. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Desemba na Januari jua la mchana hupita kusini ya utosi wetu, na Juni hupita kaskazini, tena kwa mbali zaidi, kama nyuzi 28 kutoka utosini. Mti uliosimama kaskazini ya nyumba hauna madhara Januari, na ni mwizi Juni. Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: paneli haipotezi umeme kwa uwiano wa sehemu iliyofunikwa. Seli zake, vile vipande vyeusi vya mraba, zimeungwa kwa mstari kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akilala, ndoo zinakwama kwa wote. Kivuli cha tawi moja kinaweza kukunyang'anya nusu ya umeme au zaidi.

Mti haukuwa wetu, na mwenye nao hakutaka kuukata. Tukahamishia paneli kwenye nguzo ya chuma shambani, mita 20 kutoka kwenye nyumba, tukazilaza nyuzi kama 15 kuelekea kaskazini. Ulalo huo unalifuata jua la Juni, na mvua inaosha vumbi yenyewe. Nao umbali ukaleta tatizo lake: umeme wa volti ndogo huchoka njiani. Kwa waya wa milimita 4 za mraba, paneli zetu zikiungwa sambamba, karibu asilimia 10 ya umeme ingepotelea kwenye waya. Tukaziunga mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zikapanda maradufu na ampea zikashuka nusu, upotevu ukawa chini ya asilimia 3. Ni kama maji: ukiongeza msukumo, bomba dogo linatosha. Kwa mpango huo unahitaji kidhibiti chaji cha aina ya MPPT, kinachoweza kupokea volti kubwa na kuzishusha hadi zile za betri bila kupoteza.

Betri ile ile iliyodaiwa kuchoka bado tunaitumia.

Kwa hiyo ukienda kuona kiwanja pembeni ya msitu, usitazame miti kwa macho ya siku ile tu. Simama pale unapotaka kuweka paneli, tafuta kaskazini na kusini, kisha waulize majirani jua la Juni hupita wapi. Mtu anayeanika mazao anajua.

## Moto na maji

Tumeshaona kuwa sola ndogo haipiki. Sisi tunapika kwa kuni, na kuni kavu ni akiba kama betri ilivyo akiba. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe kabla ya kukupa wewe chochote, na moshi wake unaumiza macho na mapafu. Tunapogoa matawi ya miti tuliyopanda mpakani Januari na Februari, tunayapanga chini ya paa, tunayachoma kuanzia Aprili masika yanapokolea. Ndani ya hifadhi hatuokoti chochote bila ruhusa ya wenye kuilinda.

Kifaa kilichotuokolea kuni kuliko vyote ni kikapu. Maharage yanalowekwa usiku, asubuhi yanachemshwa kwa nguvu nusu saa, yachemke kweli kweli kwa sababu maharage yasiyochemka vizuri yana sumu inayochafua tumbo. Kisha sufuria na kifuniko chake inazikwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, inafunikwa juu kwa mto. Mchana unafunua, mvuke unakupiga usoni, na maharage yameiva kwa joto lao wenyewe. Ukiwa na sola kubwa zaidi, sufuria ya umeme ya presha nayo inafaa kufikiriwa, kwa sababu imefungwa isipoteze joto.

Kuhusu maji, shika kanuni moja: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 hutupa lita 1,200, na ukitoa kinachomwagika na kuruka, lita 1,000 zinaingia tangini. Tunatumia kama lita 80 kwa siku bila bustani. Tangi la lita 5,000 likijaa linatufikisha miezi miwili. Kiangazi chetu huzidi hapo, ndiyo maana yako mawili. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunayaacha yapite, yaoshe kinyesi cha ndege na vumbi. Ya kunywa tunachemsha.

Kuna tangi la tatu, dogo, juu ya kilima, mita 10 juu ya nyumba. Pampu ndogo hulijaza mchana betri ikiwa imeshajaa na jua bado linawaka, saa ambazo umeme ungepotea bure. Usiku maji yanashuka yenyewe. Napenda sana mpango huu. Kile kilima kimekuwa betri isiyochakaa.

## Ghala lililo ardhini

Watu wengi wanafikiri udongo wa pembeni ya msitu ni mnene wa rutuba kwa sababu miti ni mikubwa na ardhi ni nyeusi. Weusi huo ni ngozi tu. Rutuba ya msitu inazunguka: majani yanaanguka, yanaoza, mizizi inayanyonya tena. Ukiondoa miti umekata mzunguko, na kwenye mteremko kama wetu mvua za masika mbili tatu zinaweza kuibeba ngozi yote hadi mtoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bustani yetu haikuwa kupanda. Tulichimba matuta ya kukinga maji, kufuata usawa wa mlima, na kingo zake tukapanda majani ya ng'ombe ili mizizi ishike udongo.

Kazi ya pili ilikuwa mboji. Rundo letu lina tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, udongo kidogo, na majivu ya jikoni. Alizeti mwitu, yale maua ya njano yanayojaa kando ya barabara za Lushoto, ni mbolea ya bure. Majani yake huoza upesi na yana virutubisho vingi. Chomeka fimbo katikati ya rundo. Baada ya siku nne ichomoe uishike. Ikiwa na joto la kukufanya uiachie, mboji inafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, mwagia maji. Ikitoka na harufu mbaya, geuza rundo lipate hewa. Kwa baridi ya huku huchukua miezi mitatu, wakati mwingine zaidi.

Jambo gumu kuliko yote kwenye bustani ni kusubiri, na sijaona mtu akiwaeleza wageni. Mchicha huliwa baada ya wiki nne. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya miezi miwili. Maharage miezi mitatu na ushee, viazi vitamu mitano, ndizi zaidi ya mwaka. Muhogo, ambao Pwani unachimbwa ndani ya mwaka, huku kwenye baridi unaweza kutaka mwaka na nusu. Parachichi la kubebeshwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo anayehamia Machi akidhani Juni atakuwa anakula cha kwake, atakula mchicha na sukuma wiki tu. Weka fedha ya chakula ya mwaka mzima wa kwanza. Hata sasa chumvi, mafuta, sukari na sehemu ya unga tunanunua gulioni, na tunapeleka njegere na karoti kuuza.

Sasa rudi kwenye siku mbaya. Nyanya ni kama paneli: siku njema inakupa kwa wingi, ukungu ukishuka unakuja ugonjwa wa bakajani na wiki moja baadaye shamba ni jeusi. Mazao yanayotubeba Julai ni yale yanayokaa yalipo bila kuharibika, hadi tuyahitaji. Magimbi yanasubiri kwenye unyevu bondeni. Viazi vitamu tunachimba vya siku ile tu, na majani yake, matembele, ni mboga. Maboga yenye ganda gumu yanakaa darini miezi kadhaa. Migomba haifuati msimu. Maharage makavu tunayachanganya na majivu kuzuia wadudu. Nikiulizwa nusu ya bustani ipandwe nini, nasema vitu hivyo; nusu ya pili mtu apande anachopenda.

Na msitu una wenyewe. Kima hushuka alfajiri, tena huwa hawachukui hindi moja wakaondoka. Huvunja, huonja, hutupa. Nguruwe pori na nungunungu hufanya kazi usiku. Tuliacha mahindi upande wa msituni baada ya misimu miwili. Sasa mstari wa kwanza kutoka msituni ni mchaichai na pilipili, wa pili ni magimbi, ambayo yakiwa mabichi huwasha mdomo na hayamvutii kima, na mboga laini ziko mlangoni ambako kuna watu na mbwa.

Kwa ufupi: zuia udongo usiondoke, ulishe, na panda kwanza mazao yanayokubali kusubiri.

## Kabla hujalipia kiwanja

Nimeona watu wakiuziwa eneo lililo ndani ya hifadhi, kwa karatasi yenye saini tu. Kabla ya fedha kutoka mfukoni:

- Tembea mpaka wote na viongozi wa kijiji na majirani, uone alama za hifadhi kwa macho yako.
- Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999; uamuzi hupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, hauishii kwa muuzaji na mwenyekiti peke yao.
- Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kile kibanda kizuri kando ya kijito huenda kisiruhusiwe kabisa.
- Tembea kwa miguu hadi zahanati ya karibu, usiku, ukiwa na tochi. Pima saa.

## Asubuhi ya Julai

Julai iliyopita ukungu ulikaa siku nne mfululizo. Siku ya kwanza hatukubadili kitu. Ya pili tuliacha televisheni. Ya tatu nikaacha kompyuta, tukabaki na taa mbili, redio na simu. Paneli hazikuwa zimekufa. Chini ya wingu zito zilileta kidogo, pengine sehemu moja ya tano ya kawaida, na hicho kidogo kikawa kinakanyaga breki.

Alfajiri ya siku ya nne kipima-volti kilisoma 12.2. Jikoni kulikuwa na magimbi ya kuchemsha na maharage ya kikapuni. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mkaratusi juu ya bati, moja moja. Yule mama jirani akabisha hodi, amejifunga kanga mbili, simu mkononi imezima. Mwanawe wa Tanga alikuwa ampigie saa nne kumweleza habari za mjukuu aliyelazwa.

Tukachomoa simu yetu, tukachomeka yake. Akakaa karibu na moto, akala magimbi. Hatukuzungumza sana. Saa nne kasoro simu ikaita, akatoka nje kuipokea, na tulimsikia akisema "Alhamdulillahi" mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Aliporudi ndani alifungua pindo la kanga akatoa mbegu za fiwi, nyeusi, zenye mstari mweupe ubavuni.

"Zipandeni vuli ikianza," akasema. "Upande ule wa chini, si huu wa mti."